Mkono wa kushoto ulikuwa wapi? Uhuishaji wa kompyuta mahakamani

Mchoraji wa uhuishaji, yaani anayetengeneza kwa kompyuta picha zinazotembea ili kuonyesha mahakamani jinsi tukio lilivyokuwa, anapokabidhiwa jalada la mauaji, alichonacho mkononi ni kidogo kuliko mtazamaji anavyodhani. Tuseme kuna matundu mawili ya risasi, moja mgongoni na jingine kifuani. Kuna ganda la risasi karibu na mlango, doa la damu sakafuni, urefu wa marehemu na wa mshtakiwa, na ripoti ya daktari inayotaja pembe ambayo kila risasi iliingilia. Ushahidi unaishia hapo. Kutokana na hivyo anapanga mikao miwili: mwili ulivyokaa risasi ya kwanza ilipoingia, na ulivyokaa ya pili ilipoingia. Halafu anabonyeza kitufe, na programu inajaza picha zote za katikati. Ikiwa tukio ni la sekunde tatu, kwa picha 30 kila sekunde, jumla ni picha 90. Kati ya hizo, 88 hazikutoka kwa daktari, hazikutoka kwa shahidi, wala hazikuokotwa sakafuni. Zimetoka kwenye hesabu ya programu inayojua kuhamisha umbo kutoka mkao mmoja hadi mwingine kwa ulaini.

Na katika kila moja ya picha hizo 88, mkono wa kushoto wa marehemu uko mahali fulani.

Mjadala mwingi kuhusu uhuishaji mahakamani huzunguka swali la udanganyifu: je, wakili anaweza kulipa watu wachore uongo? Anaweza, kama anavyoweza kumpanga shahidi wa uongo, na mahakama zina uzoefu wa karne nyingi wa kuwanasa watu wa namna hiyo. Mimi simwogopi sana mwongo. Namwogopa mchoraji mwaminifu. Shahidi wa mdomo akiulizwa marehemu alikuwa ameinua mkono au la, ana ruhusa ya kujibu "sikuona", na jibu hilo linaingia kwenye kumbukumbu za kesi kama lilivyo, na pengo lake. Picha inayotembea haina namna ya kusema "sijui". Mkono hauwezi kukosa pa kuwa. Ukiwa chini, marehemu alikuwa amejisalimisha. Ukiwa juu, huenda alikuwa anarusha ngumi. Mchoraji hana nia mbaya na yeyote, lakini lazima auweke pahala, na popote atakapouweka ameshatoa ushahidi ambao hakuna mtu aliyeapa kuutoa.

Lugha yetu yenyewe inatutega hapa. Kisu kilichotumika kuua, kikipokelewa mahakamani, huitwa kielelezo na hupewa namba. Mchoro wa mwalimu ubaoni nao ni kielelezo. Neno moja limebeba kitu kilichokuwepo kwenye tukio na kitu kilichotengenezwa baadaye ili kuelezea tukio. Wanasheria wa Marekani, ambako mahakama zimehangaika na jambo hili kwa miongo minne, wamejaribu kuvitenganisha. Kwa upande mmoja wanaweka uhuishaji unaoonyesha tu maoni ya mtaalamu, sawa na mchoro ubaoni. Kwa upande mwingine wanaweka uigaji, yaani kompyuta inalishwa data na kanuni za fizikia na yenyewe ndiyo inatoa jibu la kilichotokea. Mahakama ya Juu ya jimbo la California iliuweka mstari huo wazi mwaka 2012: wa kwanza unapita iwapo unawakilisha kwa haki kile mtaalamu anachosema, wa pili ni ushahidi wa kisayansi, na lazima uthibitishwe kwanza kwamba mbinu yake inakubalika.

Mgawanyo huo ni mzuri kwenye karatasi. Kwenye skrini haupo. Vyote viwili ni gari linalotembea, mtu anayeanguka, kamera inayozunguka. Mjumbe wa juri, yaani raia wa kawaida aliyeitwa kuamua kesi, haoni bango kichwani mwa umbo linalosema "huyu ni maoni" au "huyu ni hesabu".

Chukua kesi iliyofika Mahakama ya Juu ya jimbo la Pennsylvania mwaka 2006. Mtu aliyewahi kuwa afisa wa polisi alishtakiwa kumuua mkewe kwa risasi; utetezi wake ulikuwa kwamba mke alimjia na kisu. Upande wa mashtaka ulileta uhuishaji wa jinsi mauaji yalivyotokea kwa mujibu wa wataalamu wake: risasi ya kwanza mgongoni, nyingine kifuani mwanamke akiwa amepiga magoti. Mahakama iliubariki, na miongoni mwa sababu zake ni kwamba uhuishaji ulikuwa mkavu: hauna sauti, nyuso hazina hisia, maumbo hayafanani sana na watu. Jaji wa awali pia aliliambia juri bayana kwamba wanachokiona ni maelezo ya wataalamu kwa njia ya picha na si tukio lenyewe.

Ukavu huo ulisifiwa kama tahadhari, na naelewa kwa nini. Hakuna anayetaka damu inayoruka na muziki wa huzuni. Lakini fikiria umbo lisilo na uso linaloinua bastola na kufyatua. Mtu anayedai aliua kwa hofu anaonyeshwa akiua bila hofu, kwa sababu hofu haikuchorwa. Hana jasho wala kigugumizi cha mwili, harudi nyuma hata nusu hatua. Ulaini ule ule ambao programu hutumia kujaza picha za katikati ndio watu huusoma kama utulivu wa muuaji. Siko hapa kumtetea yule mtu. Huenda wataalamu walikuwa sahihi kabisa, na kulikuwa na ushahidi mwingine dhidi yake. Ninachosema ni kwamba kuacha kuchora ni kuchora pia.

Ukihamia kwenye uigaji, unakuta tatizo limevaa nguo za hesabu. Mfano mwepesi ni alama za breki. Gari limeacha alama za mita 30 barabarani kabla ya kusimama. Kasi yake mwanzoni mwa breki hutafutwa kwa kanuni inayofundishwa sekondari: urefu wa alama, nguvu ya uvutano, na kigezo cha msuguano kati ya tairi na lami. Urefu unapimwa kwa futi kamba na uvutano unajulikana. Msuguano ndio wenye mjadala. Weka 0.7, ambayo ni kawaida kwa lami kavu, utapata kama kilomita 73 kwa saa. Weka 0.5, kwa lami yenye unyevu, utapata kama 62. Ikiwa kikomo cha barabara ni 70, namba moja ndogo imemhamisha dereva kutoka upande mmoja wa sheria hadi mwingine. Ongeza muda wa kushtuka: dereva aliye kwenye mita 20 kwa sekunde anakula mita 20 kabla ya kukanyaga breki ukimpa sekunde moja, na mita 30 ukimpa sekunde moja na nusu. Mita 10 hizo ndizo tofauti ya "asingeweza kusimama" na "alizembea".

Kwenye ripoti ya maandishi, mtaalamu mwaminifu angeandika "kati ya 60 na 75". Skrini haijui "kati ya". Gari moja linapita kwa kasi moja, na linapita likiwa limenyooka na limepakwa rangi vizuri.

Mahakama ya rufaa ya jimbo la Washington ilikumbana na hali hiyo mwaka 2005. Ajali ya gari ilikuwa imeua, na swali la kesi nzima lilikuwa nani kati ya waliokuwemo alishika usukani. Upande wa mashtaka ulitumia programu ya kuiga ajali kuonyesha miili ilivyorushwa ndani ya gari. Programu hiyo ilikuwa na jina zuri kwa wapimaji wa ajali, na kwa mwendo wa magari yenyewe hakukuwa na ugomvi mkubwa. Ugomvi ulikuwa kwa miili ya watu wengi ndani ya chumba cha gari. Majaji waliona haikuwa imethibitishwa kwamba wataalamu wa fani wanaikubali kwa kazi hiyo, na hukumu ikatenguliwa. Naipenda hukumu hii kwa sababu haikuuliza kama kompyuta ni nzuri au mbaya. Iliuliza: nzuri kwa kazi gani?

Sasa tuje kwa mtazamaji. Mwaka 1997 watafiti Saul Kassin na Meghan Dunn walitumia kisa cha mtu aliyeanguka kutoka jengo refu: aliteleza, au alijirusha? Kulikuwa na ushahidi mmoja mgumu, umbali kati ya mwili na ukuta. Anayeteleza huangukia karibu na ukuta, anayejirusha huenda mbali. Uhuishaji uliokwenda sambamba na umbali huo uliwasaidia watazamaji kufikia jibu lililolingana na ushahidi, kuliko maneno peke yake. Hilo ni jambo la kusifiwa, na wanaotaka uhuishaji upigwe marufuku kabisa inabidi walitazame. Ila jaribio la pili liligeuza mambo. Kila upande ukipewa picha ya kudai toleo lake, hata pale lilipopingana na umbali uliopimwa, watazamaji walivutwa na picha. Namba ilikuwepo mbele yao na hawakuitazama. Wahenga husema mwenye macho haambiwi tazama. Huyu alipaswa kuambiwa, tena mara mbili.

Kuna utafiti wa mwaka 2006 wa Neal Roese na wenzake uliotumia ajali za barabarani zilizohuishwa. Sote tuna ugonjwa wa kuona, baada ya jambo kutokea, kwamba lilikuwa linaonekana wazi tangu mwanzo. Ajali ikionyeshwa kwa uhuishaji, ugonjwa huo ulizidi kuliko ilipoelezwa kwa maandishi na michoro. Mwaka 2016 Eugene Caruso na wenzake wakaonyesha kwamba kupunguza kasi ya video humfanya mtazamaji aone kusudi zaidi katika kitendo; kwa kuwa yeye mtazamaji amepata muda wa kufikiri, anadhani aliyetenda naye alikuwa nao. Kuonyesha pia video kwa kasi ya kawaida kulipunguza upotofu huo, hakukuuondoa. Uhuishaji wa mahakamani, kwa mazoea, hupunguzwa kasi ili "ieleweke".

Tafiti hizi zilifanywa kwa kuwafikiria wajumbe wa juri, na msomaji wa nchi ambako jaji huamua peke yake anaweza kudhani amepona. Sidhani. Desemba 2024 huko Broward, Florida, jaji alivaa miwani ya uhalisia pepe (VR), inayomfanya mtu ajione yuko ndani ya tukio, na kutazama tukio lililoundwa upya kwa upande wa utetezi, kamera ikiwa imewekwa kwenye macho ya mshtakiwa aliyedai kujihami. Jaji ana elimu ya sheria, lakini macho yake na moyo wake unaodunda ni kama vya mtu mwingine yeyote. Na kuhusu mahali pa kuweka kamera hakuna hesabu ya fizikia inayosema lolote. Ukiiweka machoni pa mshtakiwa, watu wanamsogelea. Ukiiweka darini, unamwona mtu mwenye silaha amesimama mbele ya watu wasio nayo. Vipimo vya chumba ni vile vile.

Je, kuna mahali ambapo ninauamini? Ndiyo, na si kwa shingo upande.

Agosti 2, 1985, ndege ya Delta namba 191 ilianguka ikikaribia kutua Dallas/Fort Worth katika dhoruba, na watu 137 wakafa. Katika kesi iliyofuata, iliyoamuliwa na jaji mwaka 1989, uhuishaji wa mwendo wa ndege ulitumika. Tofauti yake na yule mtu wa matundu mawili ya risasi ni kwamba ndege ilikuwa na kinasa data. Kasi, kimo na mwelekeo vilirekodiwa mfululizo hadi mwisho. Mchoraji alikuwa na nukta nyingi na mapengo madogo, hivyo programu haikuwa na nafasi kubwa ya kubuni. Swali la kwanza la kumuuliza mtaalamu yeyote, basi, ni hilo la uwiano: picha ngapi zimepimwa, na ngapi zimejazwa?

Naamini zaidi kinachosimama kuliko kinachotembea. Uchunguzi wa Saville kuhusu watu waliopigwa risasi na wanajeshi wa Uingereza huko Derry, Ireland ya Kaskazini, mwaka 1972 ulijengewa mtaa wa Bogside ndani ya kompyuta, kwa sababu majengo mengi ya wakati ule yalikuwa yameshabomolewa. Shahidi, miaka karibu 30 baadaye, aliweza kusimama kwenye kona iliyokwisha kutoweka na kusema alikuwa wapi na aliona nini. Mwendo ulibaki kinywani mwa shahidi, pale ambapo anaweza kuulizwa maswali ya dodoso. Polisi wa Bavaria walijenga ndani ya kompyuta mfano wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, na ulitumika mwaka 2016 Detmold, Ujerumani, katika kesi ya Reinhold Hanning aliyekuwa mlinzi huko. Swali lake lilikuwa la mahali: mtu aliyesimama kwenye mnara huu, je, jengo au mti ulimzibia asione kule? Mwaka huo huo, katika Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, makaburi ya kale ya Timbuktu yaliyobomolewa mwaka 2012 yalionyeshwa kwa jukwaa la kidijitali lililounganisha ramani, picha za satelaiti na picha za kabla na baada. Mshtakiwa alikiri kosa, akahukumiwa miaka tisa. Kwenye mifano yote mitatu hakuna aliyelazimika kukisia mkono wa mtu.

Tatizo kubwa zaidi huja pale pande mbili zinapoleta kompyuta mbili. Ndege ya Malaysia Airlines MH17 iliangushwa Julai 17, 2014 mashariki mwa Ukraine, na watu 298 walikufa. Wachunguzi upande wa Uholanzi walipiga hesabu kutoka kwenye matundu ya vipande vya kombora kwenye mabaki, wakaja na eneo moja la kurushia. Kampuni ya Urusi inayotengeneza makombora hayo, Almaz-Antey, ilipiga yake na kuja na eneo jingine, karibu na kijiji cha Zaroshchenske, hata ikalipua kichwa cha kombora kando ya ndege kuukuu ili kuthibitisha. Ukitazama uhuishaji wa pande zote mbili bila sauti, huwezi kujua upi wa kuamini; yote ina kombora linalopaa na koni ya vipande inayofunguka. Mahakama ya Uholanzi, Novemba 17, 2022, iliamua kombora lilirushwa kutoka shamba karibu na Pervomaiskyi. Haikufika huko kwa kulinganisha uzuri wa picha. Ilikuwa na simu zilizonaswa, picha na video za mtambo ukisafirishwa, na mashahidi. Uhuishaji ulisimama kwa kuegemea vitu ambavyo havikuhuishwa.

Pesa nazo. Ule uhuishaji wa Pennsylvania ulikadiriwa kugharimu dola 10,000 hadi 20,000, na hoja kwamba mshtakiwa asingeweza kumudu wa kwake ilifika hadi kwa majaji wa juu. Gharama zimeshuka mno tangu hapo, lakini sifurahii sana, kwa sababu kilichozishusha ni programu zinazojaza mapengo kwa bidii zaidi. Mwaka 2024 jaji wa King County, jimbo la Washington, aliikataa video ya simu iliyokuwa "imesafishwa" kwa akili unde (AI), safari hii ikiletwa na upande wa utetezi. Sababu yake ndiyo hadithi ya mkono wa kushoto katika umbo jipya: programu inaonyesha kile inachodhani kilipaswa kuwepo, kwa njia ambayo hakuna anayeweza kuikagua.

Kanuni mpya namba 107 ya ushahidi katika mahakama za shirikisho za Marekani, iliyoanza Desemba 1, 2024, inasema vifaa vya kuelezea si ushahidi, na kwa kawaida havipaswi kwenda na juri kwenye chumba cha mashauriano. Ni hatua nzuri. Ila picha iliyokwisha kuonekana haihitaji kubebwa mkononi ili iingie chumbani.

Ningependa mahakama zidai zaidi. Video iliyokamilika haitoshi. Upande wa pili upewe faili lenyewe, na namba zote zilizolishwa, ili mtaalamu wao abadili 0.7 iwe 0.5 na kulionyesha gari lile lile likipita kwa kasi nyingine mbele ya watu wale wale. Ionyeshwe kwa kasi halisi kwanza. Na kisichojulikana kisichorwe. Wakili asimamishe picha ya 41, aonyeshe kwa kidole, aulize: mkono huu wa kushoto, nani alikuambia ulikuwa hapa? Mtaalamu akijibu kwamba hakuna, jaji aamuru utolewe, na picha irudiwe kuanzia mwanzo, marehemu akivuka chumba bila mkono, jambo litakalomkera kila anayetazama.